Kisima cha Mama Issa na Atomu Zilizofungamana

Vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi "kabla sijasahau." Neno hilo walilisema kwa adabu, nami nikalipokea kwa adabu. Habari za kupandishwa cheo sitaziandika, maana zinamchosha hata mwenye nazo, na za mshahara hakuna atakayeziamini. Nitaandika juu ya vyombo nilivyobeba, mtu aliyenifundisha kuvibeba, na kazi yangu ya mwisho kule Newala, ambako binti wa watu alirudishwa kwao kwa ajili ya maji, ikabidi atomu zisizoonekana kwa macho ziulizwe kama binti huyo ni mwizi au si mwizi.

Nilizaliwa Lupaso. Baada ya shule niliajiriwa Masasi, fundi msaidizi wa upimaji wa maji ya chini ya ardhi. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kisigino, vipya, vya kuazima. Mzee Chitanda, aliyekuwa fundi mkuu, alivitazama, hakusema kitu, akanipakia kwenye gari akanipeleka porini kutwa nzima. Siku ya pili nilikuja na raba. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza, na mengine yote alinifundisha kwa mtindo huohuo.

Chombo chetu kilikuwa kipimo cha mvutano. Ndani yake mlikuwa na kijiuzito kilichoning'inia kwenye springi nyembamba kuliko unywele. Dunia inavuta kila mahali, lakini haivuti sawasawa kila mahali. Penye mwamba mzito chini, springi hunyooka kidogo zaidi. Penye mchanga mlegevu au uwazi, hulegea. Ukizunguka nacho kituo baada ya kituo, unaanza kupata picha ya mambo yalivyo chini, na kutokana na picha hiyo unabahatisha maji yanaweza kuwa yamekaa wapi. Nasema unabahatisha kwa sababu nimestaafu. Kwenye ripoti tuliandika "unakadiria."

Kile chombo kiliogopa joto, kiliogopa baridi, na zaidi ya yote kiliogopa barabara zetu. Kwa hiyo nilikipakata. Safari moja gari la ofisi lilituharibikia Ndanda tukadandia basi, nami nimekifunika kwa kanga kisipigwe na jua. Mama mmoja akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ana miaka kumi na miwili. Alisogea kidogo, hakuniuliza tena mpaka tunafika.

Mzee Chitanda alikuwa na sheria moja ambayo hakuiruhusu ivunjwe hata mvua inyeshe. Asubuhi unapima kwenye kituo cha msingi, halafu ndiyo unakwenda vituo vingine, na jioni unarudi kupima palepale ulipoanzia. Zikitofautiana, tofauti hiyo ni ya chombo, maana ardhi haikubadilika kwa siku moja. "Chombo nacho huchoka kama wewe," alikuwa akiniambia, "ila chenyewe hakina mdomo wa kulalamika." Na kituo cha msingi lazima kiwe mahali pagumu, tambarare, pasipobadilika. Hilo la pasipobadilika naomba mlishike.

Kazi nyingi ilikuwa juu, kwenye uwanda wa Makonde. Kwa asiyepajua, pale mvua inanyesha vizuri tu, lakini ardhi ni mchanga, na mchanga ule haukai na maji. Unayameza, yanakwenda chini sana, na kule chini yanapita kuelekea mabondeni. Watu wanaishi juu na maji yako chini. Tangu enzi za mabibi na mabibi zao, wanawake waliteremka ukingoni na ndoo tupu, wakapanda na ndoo zilizojaa. Siku hizi maji ya bomba yanasukumwa kupanda kilima, na siku nyingine yanafika, siku nyingine yanachoka njiani.

Tulichimba visima virefu vikakosa maji. Kimoja nakikumbuka kuliko vyote, kwa sababu mahali pale nilipapima mimi. Mashine ilichimba mpaka mabomba yakaisha, ukatoka mchanga mkavu, mweupe, mzuri kwa kujengea. Wanakijiji walikuwa wamekaa pembeni tangu asubuhi na ndoo zao. Tulipofunga vifaa walituletea mihogo ya kuchemsha wakatuambia poleni kwa kazi. Ningefurahi zaidi wangetutukana.

Mzee Chitanda alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikabaki na chombo chake na tabia zake. Miaka ikaenda. Springi ya kwanza ikabadilishwa kwa nyingine, daftari likabadilishwa kwa kompyuta, na mimi nikawa yule mtu anayetazama viatu vya wageni bila kusema kitu.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu alitufikia Dakta Upendo. Ni binti wa Mbeya, mwalimu wa fizikia chuo kikuu, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Alikuja na masanduku mazito akayabeba mwenyewe pamoja na dereva, na hapo nikampenda. Kipimo chake hakikuwa na springi. Kilikuwa na bomba la chuma lililotolewa hewa yote, na ndani yake wingu dogo la atomu za metali moja iitwayo rubidi. Mwanga wa leza unazipoza atomu hizo mpaka zinakaribia kutulia kabisa, kisha zinaachiwa zianguke, na zinapoanguka leza nyingine inasoma dunia imezivuta kwa nguvu gani. Zinaanguka kidogo tu, zinakusanywa, zinaangushwa tena, kutwa kucha.

"Kwa hiyo mwanangu," nikamwambia, "umesoma miaka yote hiyo ili uangushe vitu."

"Ndiyo, mama. Na baba yangu bado anauliza nitapata kazi lini."

Jipya lake lilikuwa mbele ya hapo. Alinieleza hivi, nami nawapa kama nilivyopewa. Atomu moja ukiiuliza, jibu lake lina bahati ndani yake, kama shilingi inayorushwa juu. Ukiuliza nyingi, bahati hizo zinapunguzana, lakini kwa uvivu. Ukitaka uhakika maradufu, utafute atomu mara nne, au usubiri mara nne. Vipimo vya atomu vyote vinagota hapo, hata viwe vizuri namna gani. Lakini kuna namna ya kuzifungamanisha atomu kabla ya kuziangusha, ili bahati zao zisiwe tena za kila moja peke yake. Hii ikizidi, nyingine zinapungua, na jumla yao inatulia kuliko ambavyo kila moja ingetulia kivyake.

Nikamwambia hao ni wanawake wanaotwanga watatu kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja juu, mwingine chini, wala haigongani. Alifikiri kidogo akasema ni karibu, lakini si penyewe.

"Wale wanasikilizana, mama. Hizi hakuna inayoiambia nyingine kitu. Hakuna ujumbe unaokwenda. Ila zikishafungamana, huwezi tena kuieleza moja ukaziacha nyingine."

Nilimwambia hilo nitalielewa nikistaafu. Nimestaafu, na bado nasubiri.

Faida niliielewa mara moja, kwa sababu mimi ni mtu wa kungoja vipimo. Jambo ambalo atomu za kawaida zingelijua kwa uhakika baada ya kuangushwa usiku kucha, zilizofungamana zingelijua kwa sehemu ndogo ya usiku huo. Ubaya ni kwamba ufungamano ni kitu dhaifu. Mtikisiko kidogo unauvunja, mwanga uliopotea njia unauvunja. Maabarani ulikwishaonekana kufanya kazi. Swali lililomleta Dakta ni kama utafanya kazi nje, juu ya mchanga, penye mbuzi na jenereta. Mtambo ulikuwa na njia mbili, atomu kila moja kivyake au atomu zilizofungamana, ili tupime kwa zote mbili na kulinganisha. Majaribio yale yakishindwa, alisema, waliomwamini na masanduku hayo watayapeleka kwa mwingine.

Tukapanda Newala, kwenye kijiji kimoja karibu na ukingo wa uwanda. Nikamwomba mwenyekiti atupatie sakafu nzuri ya saruji ya kuweka kituo cha msingi. Alitupeleka kwa Mama Issa.

Mama Issa ni mjane, mwenye mikorosho yake na sauti yake. Alitukaribisha, akatukalisha, kisha akauliza, "Mnatafuta nini hasa?"

"Maji, Mama Issa. Mashine hii ni ya kujua maji yaliko chini."

Alituangalia kwa zamu, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akatuongoza kwenye nyumba mpya ya mwanawe, iliyoezekwa bati lakini bado madirisha. Chumba cha kati kilikuwa na sakafu nene, imara, laini, mfano wake sijauona kijiji kizima. Mzee Chitanda angeipiga busu. Tukashukuru, tukaweka mtambo.

Issa mwenyewe alikuwa dereva wa lori, akionekana nyumbani kama mgeni. Aliyekuwepo ni mkewe, Zuhura, binti wa Lukuledi, aliyekuwa ameolewa pale miaka michache. Alikuwa akituletea chai na kusimama mlangoni kuangalia. Siku moja akaniuliza, "Mama Selina, hizo atomu zikianguka, haziumii?" Dakta akasema hilo hakuna aliyewahi kumuuliza kwenye mkutano wowote. Zuhura alicheka kwa sauti, na mama mkwe wake akaita kutoka nje kuuliza kama chai ndiyo inayochekesha.

Siku za kwanza vipimo vya vituo vingine vilikwenda vizuri. Kilichotusumbua ni kituo chetu cha msingi. Kila tuliporudi kukipima, mvutano ulikuwa umepungua kidogo. Atomu za kawaida zilionyesha jambo hilo kwa mashaka, kama mtu anayetaja jina asilo na hakika nalo. Zilizofungamana zilionyesha waziwazi. Dakta Upendo akaacha kucheka. Aliona kwamba huo ufungamano wake, ukitolewa maabara, unatangatanga. Kwenye hesabu aliondoa mvuto wa mwezi na jua, maana navyo huvuta, akaondoa uzito wa hewa, akakagua leza. Mstari ukaendelea kushuka. Nilimwambia vyombo huchoka. Akaniambia hiki hakina springi ya kuchoka.

Katikati ya hayo ndipo ulipotokea ugomvi wa nyumbani.

Lazima niwaeleze kisima cha uwandani, maana vijana wa mjini mtadhani ni shimo linalotoa maji. Pale kisima ni tangi lililochimbwa chini ya ardhi na kupigwa saruji, nalo hujazwa na mvua ya kwenye bati. Mvua zikiisha, maji hayo ndiyo yatakufikisha kwenye mvua nyingine. Mdomo wa kisima cha Mama Issa ulikuwa nyuma ya nyumba, una mfuniko wa chuma na kufuli, na funguo mbili, mmoja kwake na mmoja kwa Zuhura. Asubuhi moja Mama Issa alichovya fito kupima, akaitoa, akaiangalia, akaichovya tena. Kisha akapaza sauti.

"Zuhura! Maji yangu umempa nani?"

Zuhura alitoka jikoni na mikono ya unga. "Sijampa mtu, mama. Nachota ya nyumba tu."

"Nikienda shamba unawafungulia wauza maji. Fito hii inasema uongo?"

"Mama, sijamfungulia mtu."

"Mtoto wa bondeni! Kwenu maji mnaoshea mbuzi, utajua wapi thamani yake?"

Mimi nami ni mtoto wa bondeni, Lupaso hakuna aliyewahi kupanda kilima na ndoo. Nilikunywa chai yangu. Zuhura alirudia maneno yale mara moja tu, kwamba hakutoa maji, bila kupandisha sauti, kisha akarudi jikoni. Issa akapigiwa simu. Akasema atasikiliza akirudi, jibu la mwanamume aliye mbali. Kabla ya adhuhuri Mama Issa alikuwa amemfungia mkwewe nguo kwenye kanga na kumtafutia gari la Masasi, afike kwao Lukuledi akawaeleze mwenyewe alichorudishiwa. Zuhura alipita chumbani kutuaga. "Shikamoo mama. Kwaheri." Nikamwitikia marahaba. Nilimwonea huruma, lakini nyumba haikuwa yangu.

Kesho yake Dakta aliniita kwenye kompyuta.

"Mama, njoo uone. Chombo kikiharibika hutangatanga, mara juu, mara chini. Huu mstari hautangatangi. Unashuka kama unajua unakokwenda. Hili si tatizo la chombo. Kuna uzito unaondoka chini yetu."

Sote wawili tukaitazama sakafu. Nikatoka nikamkuta Mama Issa akimenya mihogo.

"Mama Issa, chini ya kile chumba kuna nini?"

"Kisima."

"Kisima kipi?"

"Kisima si kile kimoja? Issa alichimba kisima kwanza, akajenga nyumba juu yake. Huku wote tunafanya hivyo. Nani asiyejua?"

"Sisi."

Aliacha kisu. "Si mlisema mnatafuta maji? Mimi nikawaweka penye maji."

Dakta Upendo alikuwa amesimama nyuma yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, maana kwa miaka yote nimewaambia vijana kituo cha msingi kiwe mahali pasipobadilika, kumbe tumekalia tangi la maji. Kisha Dakta akakatisha kicheko. Nami nikaona alichokiona. Kama mtambo unasikia maji yakipungua, basi unaweza kusema yanapungua namna gani.

Kijana mwerevu atauliza kwa nini tusirudi kwenye fito. Kwenye fito tulirudi. Fito inasema yamepungua, haisemi yamepunguaje. Na kila mara ukifungua mfuniko, Mama Issa ana mtu mpya wa kumshuku. Wauza maji wakija wanachota kwa mkupuo, madumu kwa madumu, na mstari ungeanguka kama ngazi. Ufa kwenye saruji hauna saa za kazi. Mstari ungeteremka sawasawa, mchana na usiku, wenye nyumba wakiwa macho au wamelala. Kwa atomu za kawaida usiku mzima ungetupa nukta moja ya kuaminika, na kwa nukta moja huwezi kuchora ngazi wala mteremko. Kwa zilizofungamana tungepata nyingi kwa usiku huohuo. Vipimo vya nyuma havikutosha, kwa sababu tulikuwa tukibadilisha njia na kukanyagakanyaga chumbani.

Tulimweleza Mama Issa. Alisikiliza neno moja tu, ufa.

"Kama kuna ufa, niyahamishe sasa hivi. Majirani wana mapipa."

Hilo ndilo lilikuwa jambo la akili. Dakta ndiye aliyesema.

"Ukiyahamisha, mama, yatapona. Lakini hatutajua kama yalivuja au yaliibwa. Na nisikufiche, mimi nayataka yabaki kwa ajili ya kazi yangu pia. Kwa hiyo usinisikilize mimi tu."

"Nikiyaacha na ufa upo?"

"Yataondoka."

"Yote?"

"Yaliyobaki si mengi."

Mama Issa aliangalia juu, na mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kiwingu. Mikorosho ilikuwa bado kwenye maua, na mvua ilikuwa mbali. Alimenya mihogo miwili mizima. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akafunga kufuli, akachukua funguo zote mbili akampelekea mwenyekiti azitunze. Aliporudi alibeba ndoo kichwani, akaelekea kwa jirani kuomba maji ya kupikia.

"Acheni yaende," alisema alipotupita.

Tulihamisha jenereta mbali, tukatumia betri. Mbuzi wakafungwa upande mwingine wa kijiji, na mwenye mbuzi akataka kujua sayansi gani inayoogopa mbuzi. Chumbani hakuingia mtu. Siku chache baadaye Dakta alifungua kompyuta, akatoa mwezi, akatoa jua, akatoa hewa, akauchora mstari. Ulishuka sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na ngazi hata moja, na mteremko huo peke yake ulitosha kueleza maji yote yaliyopotea. Pembeni aliweka kipande kilichopimwa kwa atomu za kawaida, nacho kilionekana kama kimechorwa na mtu aliyepanda nyuma ya lori. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta, ufungamano ulikuwa umestahimili mchanga wa Newala, lakini hakushangilia. Alikwenda kumwita Mama Issa.

Mama Issa alivaa miwani yake ya kusomea. "Hapa ni wapi?"

"Hapo ni usiku wa kwanza, mama."

"Na hapa?"

"Alfajiri. Na hapa ni mchana, ulipokuwa shamba."

Alipitisha kidole polepole juu ya kioo, usiku, mchana, usiku, mchana. "Hakuna aliyekuja," alisema.

"Hakuna, mama."

Alivua miwani, akaingia ndani, akatoka amevaa kanga zake nzuri. Akaniambia, "Mama Selina, wewe ni wa bondeni kama wao. Utanisindikiza."

Kwa watu wetu, ndoa ya binti iko mikononi mwa mjomba wake. Kwa hiyo tulipofika Lukuledi hatukwenda kwa baba yake, tulikwenda kwa Mjomba Yusufu, kaka wa mama yake Zuhura, mkulima mrefu mwenye maneno machache. Alitupa mkeka. Mama Issa akamkabidhi kuku aliyekuja naye, kisha akaniachia mimi kueleza, naye akainamisha kichwa. Zuhura alikuwa ameketi kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango.

Nilieleza vizuri, nadhani. Nilikuwa nimeeleza mambo kama hayo kwa wakubwa wengi. Nikasema habari za atomu, zinavyofungamana, zinavyoangushwa, mstari ulivyoteremka usiku na mchana bila ngazi. Mjomba Yusufu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo vidude hivyo visivyoonekana vimesema mwanangu si mwizi."

"Ndiyo, mjomba."

"Na yeye alipokuwa akisema, alikuwa haonekani?"

Nilitazama mkeka. Nimewahi kuulizwa maswali na wahandisi, wafadhili na wakaguzi, lakini si kama lile. Mama Issa ndiye aliyejibu, bila kuinua uso.

"Alionekana. Sikumsikiliza."

Mjomba Yusufu hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Alimgeukia Zuhura, maana sasa neno lilikuwa lake. Zuhura akamuuliza mama mkwe wake, si mimi wala mjomba wake.

"Mama, maji yamebaki kiasi gani?"

"Yamekwisha."

"Yamekwisha?" Alinyanyua mgongo kutoka mlangoni. "Mlipojua kuna ufa, si mngeyahamisha?"

"Ningeyahamisha, nisingejua kama ulisema kweli."

"Kwa hiyo uliyaacha yaende."

"Niliyaacha."

"Na mvua bado."

"Bado, mwanangu."

Mjomba Yusufu aliwaangalia bila kuelewa sana, na simlaumu. Lukuledi ukitaka maji unatuma mtoto. Lakini Zuhura alikuwa amekaa uwandani, amelala na kuamka akihesabu ndoo. Alimtazama mama yule kwa muda mrefu, kanga nzuri, midomo iliyokauka, miguu yenye vumbi la Newala. Halafu akainuka akaingia ndani, nami nikadhani amekataa, nikaanza kutafuta namna ya kuaga.

Alitoka na madumu mawili matupu. Moja akampa mama mkwe wake, jingine akabaki nalo.

"Mtoni ni hapo tu, mama," alisema. "Twende tukajaze kabla gari la kuturudisha Newala halijaondoka."